Nilifunga intake kwenye Altezza yangu hapa Sumbawanga, mkono wa baba ukaanza kufanya kazi

Wakuu, habari za majukumu. Na wadada mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nanyi nawasalimu.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Milanzi, Sumbawanga. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Mods mkiona uzi umekaa jukwaa lisilo lake uhamisheni tu, maana hata mimi sijui kama ni wa magari au wa afya.

Kabla hamjaanza: mimi ni mwanamke, Altezza ni yangu, ya gia za mkono, naiendesha mwenyewe. Wale wa "hilo gari mpe mumeo", mume sina kwa sasa. Gari ninalo.

Nina duka la fotokopi na vifaa vya shule pale Majengo. Gari nilinunua kwa jamaa aliyehamishwa kikazi, alikuwa amelitunza vizuri. Watu wananishangaa. Mji wa upepo na vumbi, barabara za vijijini ni changarawe, halafu nanunua gari la kukwaruza tumbo. Ila kuna lami ya kwenda Laela. Jumapili baada ya misa ya kwanza barabara iko tupu, kibaridi cha Ufipa kinapita dirishani, unaingiza gia ya tatu. Waliowahi wananielewa.

Sasa nimzungumzie baba.

Baba yangu ni mkulima wa Mollo. Maisha yake yote ni mahindi, ulezi na maksai. Mwaka jana alipata kiharusi. Mungu alisaidia akapona, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito na maneno yakawa yanatoka moja moja. Nikamchukua akae kwangu ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya mazoezi.

Mama alishatangulia zamani. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na yeye.

Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole, alimpa mpira wa kubinya. Asubuhi na jioni. Akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, huu mkono bado una nafasi. Ila akiacha kuutumia utakakamaa, na hapo itakuwa ngumu kuurudisha."

Baba alibinya ule mpira siku za mwanzo. Halafu akaacha. Nikimkumbusha anautazama, anaurudisha kwenye dirisha.

"Mimi... si mtoto," akaniambia siku moja.

Sikubishana naye. Angekuwa mtoto ningemlazimisha.

Akawa mtu wa kukaa tu. Namwogesha, namkatia nyama, namfunga vifungo vya shati. Majirani wakija kumwona wanazungumza na mimi kuhusu yeye, yeye akiwa pale pale. Na kaka yangu mkubwa, Kalisto, anayefanya kazi Mpanda, akaanza kupiga simu kuhusu shamba. Mvua zinakaribia, mzee hawezi kulima, tulikodishe kwa mtu kabla halijawa pori.

Siwezi kumlaumu. Alichosema kilikuwa na akili. Lakini simu ilikuwa kwenye spika, na baba alikuwa sebuleni. Alisikia lote.

Usiku ule hakula. Kesho yake pia alikula kidogo sana.

Ni katika wiki hizo mzigo wangu ukafika kwa basi kutoka Dar. Nilikuwa nimeagiza intake muda mrefu, nikasahau kabisa. Bomba la alumini, mipira ya kuunganishia, klampu zake, na filta ya wazi, ile yenye umbo la pia. Kwa wasiojua: gari linavuta hewa kupitia boksi la air cleaner. Unatoa boksi na bomba lake lenye makunjo, unaweka bomba lililonyooka na filta inayopitisha hewa kirahisi. Injini inapumua vizuri zaidi. Na inatoa sauti, tusidanganyane, wengi tunaitafuta sauti.

Ilikuwa Jumamosi, duka nimemwachia msaidizi. Nimepaki uani, nikamtolea baba kiti akae juani. Sikuwa na mpango wowote wa matibabu, wakuu. Nilitaka asikae ndani peke yake.

Nikatoa terminal ya betri. Nikachomoa soketi ya sensa ya hewa, nikalegeza klampu, nikafungua bolti za boksi kwa spana namba kumi. Boksi likatoka na majani makavu ndani yake. Hapo kote baba ananiangalia kama mtu anayeangalia mvua ya nje ya msimu.

Kufunga ndiyo kazi. Lile bomba unatakiwa ulishike lisizunguke huku unakaza klampu, na nafasi ya mkono hakuna. Nikishika, bisibisi inateleza. Nikikaza, bomba linageuka. Nikajaribu kulibana na kifua mpaka gauni likachafuka grisi.

Nikachoka. Nikasema bila hata kufikiri, "Baba, njoo unishikie hapa."

Akanitazama.

"Mimi?"

"Ndiyo. Naomba ushike hili bomba lisizunguke. Mwenzio nimeshindwa."

Akainuka taratibu, akaegemea gari. Akaweka mkono wa kushoto. Haukutosha, bomba lilikuwa linazunguka bado. Nikamwona anauangalia ule wa kulia. Akaunyanyua kwa kuusindikiza na wa kushoto, akauweka juu ya bomba, vidole vikafunga polepole kimoja baada ya kingine.

"Kaza," akasema.

Nikakaza. Mkono ulikuwa unatetemeka, jasho linamtoka, lakini bomba halikuzunguka.

Niliogopa nikimsifia ataona namfanya kama mtoto. Nikasogea kwenye klampu ya pili nikasema tu, "Na hapa."

Tukamaliza. Nikarudisha betri, nikaingia ndani, nikawasha.

Gari likawaka, silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikapanda, ikashuka, ikapanda, likakohoa, likazima. Taa ya check engine ikawaka. Nikarudia, vilevile. Gari lenyewe hili ndilo langu la kazi, nabebea karatasi za duka, na nampeleka baba hospitali.

EDIT: Mkuu mmoja ameuliza hapo chini kwa nini sikupeleka gereji tangu mwanzo. Gereji zipo nzuri tu hapa mjini. Nilitaka kufanya mwenyewe, basi.

Nikafungua boneti tena. Nikakagua mipira, imekaa. Soketi imeingia. Nikamulika na simu kile kipande kinachobeba sensa, nilichokihamisha kutoka boksi la zamani. Kina mshale unaoonyesha hewa ielekee wapi. Mshale wangu ulikuwa unatazama nje ya gari.

Nimekiweka kinyume.

"Baba," nikamwambia, "nimelifunga linyonye hewa kutokea nyuma."

Akasogea akautazama mshale. Akanitazama mimi na grisi yangu kifuani. Halafu akacheka. Wakuu, baba yangu alicheka mpaka akashika boneti. Mdomo ulikwenda upande mmoja kwa sababu ya ugonjwa, lakini ilikuwa ni sauti yake ile ile ya kucheka, ya kutokea tumboni. Sikuwa nimeisikia tangu augue. Na mimi nikaanza kucheka huku machozi yananitoka, jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Tukafungua, tukageuza, tukafunga tena. Safari hii aliniomba bisibisi. Nikamwekea mkononi, ule wa kulia. Ilimchukua muda mrefu sana kuzungusha klampu moja. Nilijilazimisha kuangalia pembeni nisimpokonye. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya siku ile.

Nikawasha. Silensa ikatulia. Nikakanyaga mafuta kidogo, na ile sauti ikatoka, kama mtu anayevuta pumzi ndefu kabla ya kuzama majini.

Baba akainua kidole.

"Tena."

Nikakanyaga tena.

Sasa, kwa wapenzi wa magari, niseme ukweli. Nguvu iliyoongezeka ni ndogo, labda injini ikizunguka kwa kasi. Na nilipompeleka Mollo Jumapili kuangalia nyumba yake, niligundua matatizo mawili. Filta ya wazi inavuta joto la injini, ukitembea polepole gari linakuwa zito. Na changarawe ya Mollo kiangazi si mchezo. Nilipofungua boneti filta ilikuwa nyekundu kama tofali.

Kwa hiyo tukaamua kuitengenezea ukuta wa bati, kuitenga na joto na kuzuia vumbi kiasi. Ndiyo, nimesema tukaamua. Kwa sababu jioni ile baba ndiye aliyeleta boksi la katoni tupu kutoka stoo, akaliweka mezani. "Pimia," akasema.

Akashika katoni, nikachora. Tukakata, tukajaribu kwenye gari, ikagoma, tukakata nyingine. Nikanunua kipande cha bati kwa fundi wa masufuria sokoni, akatukatia kwa mchoro wetu. Kingo zilikuwa kali, zinahitaji kupigwa tupa. Tupa inataka mikono miwili, wa kulia unasukuma.

Alipiga tupa lile bati, kila nikirudi kutoka dukani namkuta uani. Aliweka kitambaa kwenye mpini kwa sababu ulimteleza. Siku nyingine mkono uligoma kabisa akakasirika, akalitupa bati chini, akaingia ndani. Si kwamba kila siku ilikuwa ya furaha. Kesho yake akaliokota mwenyewe.

Tuliporudi kwa yule dada wa mazoezi, akamwambia kama kawaida, "Mzee, nibinye vidole vyangu." Baba akabinya. Dada akasema, "Hebu tena." Halafu akaniuliza, "Mmekuwa mkifanya nini nyumbani?"

Nikamwambia tumefunga intake.

Nikamweleza ni kitu gani. Akacheka, ila akatuonya asichoke kupita kiasi, na akasema mazoezi mengine ya bega yaendelee. Nazingatia. Na ninyi zingatieni, mimi si daktari.

Kaka Kalisto akaja mwishoni mwa Oktoba. Jamaa wa kukodi shamba alikuwa ameshampata, anasubiri jibu tu. Akaingia, akainama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kaka alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, kama tulivyozoea tangu ugonjwa. Baba hakuupokea. Akanyoosha wa kulia. Kaka akasita, akaubadilisha wake, akaupokea. Baba akaukamata. Akaendelea kuukamata. Nikamwona kaka anaangalia chini kwenye ile mikono, halafu anamwangalia baba usoni, na macho yake yanabadilika.

"Shamba," baba akasema, polepole, akitafuta kila neno, "ni... langu. Nalima... mwenyewe. Ninyi... mnisaidie."

Kaka yangu ni mtu mzima, ana familia. Alikaa kwenye kiti akajifunika uso kwa kofia. Baadaye akasema, "Sawa baba. Tutasaidia." Akatoka nje kupiga simu kwa yule jamaa.

Sasa hivi baba amerudi Mollo. Si kwamba amepona kabisa, msinielewe vibaya. Maneno bado yanachelewa, mguu unachoka. Kijana wa jirani ndiye anayelima na maksai, na shangazi anakaa naye. Mazoezi anakuja mjini, namfuata mwenyewe. Ukuta wa bati umekaa vizuri, gari haliwi zito tena kwa joto, na filta naisafisha kila nikitoka huko.

Wiki iliyopita nilimkuta shambani anamwaga ulezi. Wanaojua kazi hii wanajua huitupi mbegu, unaiachia kati ya vidole ukitembea, kidogo kidogo. Alikuwa anatumia mkono wa kulia. Sehemu nyingine vidole vilikawia kufunguka, mbegu ikadondoka rundo, sehemu nyingine ardhi ikabaki tupu. Shangazi akataka kumsaidia kusawazisha, akamkataza.

Nilichojifunza, wakuu: sisi tuliompenda ndio tuliomwondolea kazi zote. Tulimvalisha, tukamlisha, tukamwamulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwomba msaada. Ukiwa na mgonjwa wa aina hii nyumbani, fuata ushauri wa hospitali, lakini tafuta kitu kimoja ambacho kweli umeshindwa peke yako, umwite. Usiigize, ataona.

Wenye wazazi waliopitia kiharusi, mlifanyaje ninyi? Na wataalamu wa Altezza, kuna njia ya kushusha bomba lichukue hewa chini ya bampa bila kunywa maji masika haya? Matusi yawekeni pembeni, ushauri wote nasoma.

Ulezi umeota tangu juzi. Umeota kwa makundi makundi, kama vichaka. Baba ananiambia hatapunguza hata mche mmoja.