Mama na Mkwe Wake Angani

Mwanaume niliyemchagua ana chumba cha gemu karibu na stendi ya Bunda. Mama yangu, anayelima mtama na kufuga ng'ombe Butiama, alipopata habari hiyo aliuliza swali moja: "Huyo mtu mzima anashindaga na watoto wa watu anacheza, jioni anakulaga nini?" Nikamwambia watu wanalipa ili wacheze. Akasema hata ngoma watu wanalipa, na hajawahi kuozesha binti kwa mpiga ngoma.

Baba alishakubali. Lakini nyumbani kwetu baba akikubali na mama akanuna, jambo limekwama. Wazee wa upande wa pili walikuwa wanangoja neno la mama tu ili waje kuzungumza, na mama alirudia lile lile kila nikipiga simu kutoka Musoma ninakofanya kazi: "Huyo si mkwe wangu." Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa nakata simu, kisha nawajibu vibaya wateja waliokuja dukani kununua dawa ya kikohozi.

Jumapili moja, nikiwa nyumbani Butiama, mchumba wangu akaja mwenyewe kusalimia, na mashine yake ya gemu ndani ya begi, akitaka kumfurahisha baba. Alileta gemu ya filamu moja ya vita vya sayari ambayo mabanda ya video yote ya Mara yameionyesha. Aliposhika kasha lake alikaa wima kama anatoa ushahidi. "Hii ni halali, mzee. Wenye filamu wenyewe wametoa leseni. Zile za sokoni ni bandia, shujaa wamempachika kichwa cha mcheza mpira."

"Ina leseni?" sauti ya mama iliuliza kutoka kwenye korido.

Mama aliwahi kufungiwa kibanda cha maandazi kwa kukosa leseni, na tangu hapo neno hilo analiheshimu kuliko radi. Alikuwa nyuma ya pazia akichambua mchicha, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawakai chumba kimoja. Mwanya wa pazia ulimtosha kuona televisheni bila kumwona mgeni.

Baba alicheza vibaya sana. Askari wake wa anga alitembea hadi ukutani akabaki pale, uso kwenye ukuta, huku baba akimsihi ageuke. Bahati nzuri ndama alikata kamba, baba akatoka kumfukuza. Hapo mkono ukachomoza kwenye pazia.

"Lete hiyo rimoti," mama aliniambia. "Baba yako ananitiaga aibu."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mama aliyaoga mpaka shingoni. Mchicha ulinyauka pale chini, yeye akiyapiga risasi maroboti kwa hasira ile ile anayofukuzia nyani shambani. Shida ilikuwa moja. Katika gemu ile askari ni wawili na wanasafiri pamoja, lakini askari wa mama hakukubali kumkaribia mwenzake. Mgeni akienda kushoto, mama kulia. Mgeni akiingia kwenye chombo cha anga, mama alisubiri nje mpaka atoke.

Kisha askari wa mgeni akapigwa, akaanguka. Akianguka mmoja, taa ya kifuani huanza kufifia, na mwenzake lazima amfuate amshike mkono ndipo ainuke.

"Mama, mshike mkono," nikasema.

"Nimshike mkono nani?"

"Ni gemu tu, mama."

"Si ndiye yeye anamwendesha?"

"Mwambie mama asisumbuke," mgeni aliniambia kwa adabu zote. "Mimi nitakufa tu."

Akafa. Tukaanza upya, akafa tena. Mara ya tatu walifika mbali, kwenye lango la mwisho kabisa, mama akihema nyuma ya pazia, na hapo hapo mgeni akaanguka. Akifa wanarudi mwanzo wa sayari. Taa ikaanza kufifia. Askari wa mama alisimama mbali, akitazama pembeni kwa heshima.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, kila siku unasema huyu si mkwe wako. Kama si mkwe wako, unamkwepa nini?"

Nilitamani maneno yale yanirudie mdomoni, maana niliogopa nimeharibu kila kitu. Taa ilibaki nukta.

"Mwambie afumbe macho," mama alisema.

Akafumba, jamani, akakunja uso mzima na kuinamisha kichwa. Kwenye kioo askari wa mama alianza kwenda kinyumenyume, mgongo mbele, polepole, mpaka akamfikia. Akamshika mkono. Taa ikawaka.

"Nimeinuka?" mgeni aliuliza, macho bado yamefumbwa. Nilikuwa nalia.

"Mwambie wazee wake waje," mama alisema. "Na hiyo mashine aiache."

Tumeshaoana, na hao wawili bado hawajatazamana usoni. Tukienda Butiama wanacheza, mmoja huku na mmoja kule kwenye pazia, na mume wangu akianguka hufumba macho bila kuambiwa.