Mada Niliyoikata kwa Kalamu Nyekundu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho, ingawa nimeshastaafu na hakuna mkaguzi wa kuniuliza neno. Umekuja hapa Iringa kunieleza kwa furaha kwamba muhula ujao wanafunzi wako watajichagulia wenyewe mada za kuchunguza na kuwasilisha. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Lakini kaa kwanza, maana na mimi nilifanya hivyo hivyo nikiwa na miaka ishirini na sita, na nusura niwazike watoto wa watu.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha pili, katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya Makongolosi. Kule ni kwenye dhahabu, unakujua. Wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba mpaka karibu na uzio wetu. Nilikuwa nimetoka semina Mbeya mjini, tulikofundishwa kwamba mwanafunzi akichagua jambo lake mwenyewe hulisoma kwa moyo wote. Nikarudi na hamasa tele. Nikawaambia watoto kila mmoja achague mada, aichunguze kwa wiki mbili, kisha aieleze mbele ya wageni kutoka wilayani.

“Mada yoyote, madamu?” aliuliza mmoja, kama mtu asiyeamini alichosikia.

“Yoyote.”

Wakaniletea vikaratasi. Wengi waliandika yale waliyozoea kuyasikia kwenye hotuba. Mmoja aliandika kuhusu makande ya bibi yake, nikacheka, nikampitishia. Kisha nikafika kwenye kikaratasi cha Sekela. Alikuwa binti mkimya wa dawati la mwisho, ambaye baba yake alichimba dhahabu miaka mingi mpaka alipoanza kuumwa kifua akabaki nyumbani. Sekela alikuwa ameandika: “Mstari ulio nyuma ya darasa letu.”

Nikamwita ofisini.

“Mstari gani huo?”

“Ardhi imechanika, madamu. Na inazidi kuchanika.”

Walimu wenzangu wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, ili nisionekane wa ajabu. Ila nikuambie ukweli, mwanangu: sikuikataa mada ile kwa sababu ilikuwa ndogo. Niliikataa kwa sababu niliwaza wageni wakisikia habari za nyufa, mkuu wa shule atafedheheka, na mimi mgeni pale nitaonekana nimeleta balaa. Nikaikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: “Umuhimu wa Kutunza Mazingira.”

“Lakini madamu, ulisema yoyote.”

“Nilisema yoyote yenye maana.”

Alikunja kile kikaratasi mara mbili, akasema ahsante madamu, akatoka.

Siku ya wageni ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ile jua likatoka. Darasa lilikuwa dogo kwa watu wote wale, nikaamua tukae nje, nyuma ya darasa, pale ukuta unapokinga upepo. Ule mstari wa Sekela niliuona kwa macho yangu. Unajua nilifanya nini? Niliwaambia wanafunzi waufukie kwa mchanga, kisha watandike mikeka juu yake ili pawe nadhifu. Meza ya wageni ikawekwa papo hapo.

Sekela alisimama na benchi mkononi, hataki kusogea. Nikamkaripia mbele ya wenzake. Akaliweka benchi chini, akachomoa daftari kwenye sweta lake, akanipa kwa mikono miwili.

“Naomba usome, madamu. Hata ukurasa mmoja tu.”

Nikalichukua kwa hasira, nikalibana kwapani. Wageni walikuwa wanaingia getini.

Wakakaa. Wanafunzi hamsini na kitu wakakaa nyuma yao kwenye mabenchi. Aliyeanza kuwasilisha alikuwa binti mmoja, Anyesi, mwenye sauti nzuri, ameshika bango kubwa alilolichora kwa siku nyingi. Wageni walimtazama kwa tabasamu. Mimi nilisimama pembeni, na kwa sababu nilikuwa bado na hasira, nikalifungua lile daftari nione Sekela amethubutu kuandika nini.

Alikuwa amepigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ule ufa, na kila asubuhi kabla ya kengele alipima. Jumatatu ya kwanza: upana wa penseli. Ijumaa yake: vidole viwili. Wiki ya pili: vidole vitatu. Jana baada ya mvua: kiganja kinaingia chote. Chini yake aliandika: “Baba anasema mstari ukinyooka si kitu, ni jua tu. Ukipinda na kuanza kujizungusha, chini kuna shimo. Leo umepinda. Umezunguka kutoka kona ya darasa hadi kwenye uzio.”

Nikainua macho. Kona ya darasa. Uzio. Katikati yake walikaa watu wote wale.

Hapo ndipo penye kosa langu hasa, mwanangu, usidhani ni ile kalamu. Nilishajua, na sikusema. Nilijiambia, ngoja Anyesi amalize. Anyesi akamaliza, wakapiga makofi, nikajiambia ngoja huyu wa pili naye aseme kidogo, nitafute namna ya kuwaondoa bila aibu. Mguu mmoja wa meza ya wageni ulikuwa umezama kidogo kwenye mkeka. Mgeni mmoja akaisogeza meza, akaona haitulii, akaweka kitabu chini ya mguu ule. Nikamtazama akifanya hivyo, na bado sikusema.

Aliyeniona ni Mwalimu Ambakisye. Alikuwa mzee wetu pale shuleni, Mnyakyusa wa Rungwe, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Akaja taratibu nyuma yangu.

“Binti, mbona umebadilika hivyo?”

Nikampa daftari. Alisoma mistari michache tu. Alitembea hadi mbele, akamkatisha yule mwanafunzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Wageni wetu, tunawaomba radhi. Tunahamia uwanja wa mbele. Wanafunzi, mabenchi yaacheni. Walio mabenchi ya nyuma waondoke kwanza. Hakuna kukimbia.”

Nilimwona Sekela akiwashika mikono wadogo na kuwapitisha kwenye kona ya mbali, mahali alipojua pako imara. Wageni wakaondoka wakinung'unika. Pakabaki patupu, nikavuta pumzi. Ndipo Anyesi akachomoka mkononi mwa mwenzake, akarudi mbio kuchukua bango lake lililokuwa mezani.

Haikuwa kishindo. Ilikuwa sauti kama ya mtu anayeguna. Mikeka ikaingia ndani, meza ikaifuata, na Anyesi akaenda nayo.

Walimtoa wachimbaji wa jirani, walioruka uzio na kamba zao kabla hatujawaita. Alikuwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mpaka leo akitembea utaona. Zile dakika mbili tatu nilizonyamaza zingemtosha kulichukua bango lake na kutoka. Nimezihesabu mara nyingi, mwanangu. Zingemtosha.

Jioni ile tulibaki ofisini wawili, mimi na Mwalimu Ambakisye. Nilitegemea anifokee. Hakunifokea.

“Binti,” alisema, “ulimpa yule mtoto nafasi ya kuchagua, au ulimtega akisie unachotaka wewe?”

“Ungemkatalia kwa sababu umemsikiliza na umeona mada yake haifai, ningekuelewa. Ulimkatalia kabla hujamsikiliza. Nenda kwao leo hii. Usingoje kesho.”

Nikaenda. Nilimsalimia baba yake shikamoo, nikapiga magoti kwenye sakafu yao ya udongo, nikamwomba radhi binti yao mbele yake. Mzee alikohoa muda mrefu, kisha akasema yeye hana neno, neno analo mwenyewe. Nilidhani Sekela atalia, au atakaa kimya kama kawaida yake. Akauliza, “Sasa naruhusiwa kuwasilisha, madamu?”

Aliwasilisha Jumatatu, chini ya turubai, mbele ya mkuu wa shule, serikali ya kijiji na wale wachimbaji wenyewe. Madarasa mawili yalifungwa wiki ile ile.

Watu nikiwasimulia hunitegemea niseme Sekela alikuja kuwa mhandisi. Hapana. Ana duka la vitambaa Mbalizi na anaishi maisha yake vizuri. Hakuhitaji kuwa mtu mkubwa ili mada yake iwe na haki ya kusikilizwa.

Basi nisikilize, mwanangu, maana hili ndilo nililotaka ulibebe. Kama kuna mada huwezi kuziruhusu, zitaje mapema, kabla watoto hawajachagua. Ukishasema yoyote, iwe yoyote. Na akikuletea jambo linalokuchekesha au linalokutia hofu, weka kalamu chini umuulize: umeliona wapi, umelijuaje, nani mwingine analijua? Nenda naye ukaone. Huenda likawa dogo kweli, hutapungukiwa kitu. Ila siku utakayogundua umekosea, simama hapo hapo useme, hata kama wageni wako mezani na aibu ni yako peke yako. Usimngoje mtu amalize. Usitafute namna nzuri ya kusema.

Mungu akupe sikio la kuwasikia walio dawati la mwisho, na akupe ujasiri wa kuaibika mapema. Watoto utakaowafundisha waingie darasani kwako wazima, na warudi kwa mama zao wazima. Nenda, mwanangu. Baraka zangu zote unazo.