Chale za Mfalme

Bunma aliletwa Siam akiwa kigoli, amefungwa kamba moja na wenzake wa kijiji cha Lao kilichotekwa vitani. Ardhi ya mfalme ilikuwa tele. Alichopungukiwa ni watu. Kwa hiyo kila mwanamume alichanjwa chale za wino kwenye kifundo cha mkono, zikitaja bwana wake, na tangu hapo miezi mingi ya mwaka ikawa ya kazi za mfalme. Mumewe Bunma alichanjwa, akapelekwa kuchimba mfereji. Hakurudi.

Sasa ilikuwa zamu ya Khamdi, mwanawe wa pekee. Watawa hawachanjwi. Basi Bunma akamharakisha hekaluni, akanyolewa, akavishwa joho la manjano, akakaririshwa sala mpaka sauti ikamkauka.

Afisa wa chale alitokea wakati wa chakula, akiwasaka watawa wa uongo.

“Haya, mtawa, tusomee. Mwaka huu mmeota kama uyoga.”

Khamdi alisoma bila kukwama hata mahali pamoja. Afisa alikunja uso. Bunma alikuwa amepiga magoti na bakuli la wali wa kunata. Kilichobaki ni kumpa chakula tu. Mtawa hamgusi mwanamke, hata mama yake mzazi, wala hapokei kitu mkononi mwake. Hutandika kitambaa, naye mwanamke akaweka chakula juu yake.

Khamdi alitandika kitambaa. Bunma akainuka, miguu imemfa ganzi, macho yote kwa afisa. Akakanyaga pindo la nguo yake mwenyewe, akaenda mzima mzima.

Hakufika chini. Khamdi alikuwa amemdaka.

“Niachie!” alinong’ona. “Niachie, mtawa!”

“Umeumia, mama?”

Afisa aliangua kicheko. “Sala amezimeza zote, lakini utawa bado haujamwingia. Leteni sindano!”

Mkuu wa hekalu aliinamisha kichwa. Walimvua Khamdi joho palepale, wakamkalisha, wakaunyoosha mkono wake juu ya gogo. Bunma alilia bila kujificha.

“Ungeniacha nianguke, mwanangu. Mifupa hii ya kizee, ina thamani gani?”

“Basi, mama.” Sindano iliingia, akauma meno. “Njoo unishike huu mwingine.”

Bunma alimtazama afisa. Hakuna aliyemkataza. Akausogelea mkono wa mwanawe, akaushika.