Mama Aliandika "Kura", Mchungaji Akatabiri Uchaguzi

Admini, ficha jina langu na la kanisa, mengine yaache kama nilivyoyaandika. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi Mwanza, na ndiye ninayeendesha ukurasa wa kanisa letu mtandaoni. Naandika nikiwa na kichefuchefu, na sina mimba.

Kanisa lenyewe ni ukumbi wa mabati wenye viti mia moja, na Jumapili ya mvua havijai. Ila mtandaoni tuko maelfu. Nilianza peke yangu na simu yenye kioo kilichopasuka, na kusema kweli kazi ile niliipenda. Kuna mama wa Misungwi alikuwa hajakanyaga kanisani miaka miwili kwa kumuuguza mumewe. Akawa anaweka simu kando ya kitanda wanaimba wote wawili. Kuna wanawake wa visiwani walikuwa wanaanua dagaa huku wanasikiliza neno. Watu hao walifahamiana kwa majina, wakaanza hata kufuatana kwenye misiba. Lile lilikuwa kanisa, asinibishie mtu.

Kisha Mchungaji akaniomba kila Jumatano, kabla ya ibada ya laivu, nimwandalie orodha ya maombi yaliyoingia inboksi: jina, mahali, shida. Nikadhani anataka kuyaombea. Wiki hiyohiyo nikamwona mbele ya kamera amefumba macho: "Namwona mama, yuko Magu, Bwana ananionyesha mguu... mguu wa kushoto!" Mguu huo wa kushoto niliuandika mimi, mstari wa tatu. Nilipomuuliza akanishika bega. "Binti yangu, Mungu hutumia vyombo. Wewe ni chombo." Nikanyamaza miezi mitano, na orodha niliendelea kumpelekea. Nimeshajitukana sana kabla yenu.

Mwezi uliopita ukaingia ujumbe wa mama mmoja wa Nansio, kule Ukerewe: "Mwanangu anashindwa kura siku ya nne, naomba maombi." Sisi wa huku hatuhitaji mkalimani hapo. L na R hubadilishana viti midomoni mwetu, na mtu anaandika anavyotamka. Mtoto alikuwa anashindwa kula. Nikanakili vilevile, nikapeleka.

Mchungaji hakukulia huku. Akafumba macho. "Namwona mama wa Nansio! Mwanao anashindwa kura! Adui zake wamemzingira kwenye uchaguzi, lakini Bwana anasema kuanzia leo mwanao hatashindwa kura tena!" Amina zikamiminika mpaka nikashindwa kuzisoma. Mwana mwenyewe ana miaka sita.

Ibada ilipokwisha nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe ni kula!" Nikasubiri aseme tumpigie yule mama. Akasema, "Siku nyingine uwe unanyoosha herufi kabla hujaniletea." Halafu akaniagiza nikate kile kipande nikisambaze, maana kimetazamwa sana. Nilimwangalia ile mikono anayowawekea watu vichwani, nikaona uchafu mtupu.

Nikampigia mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumepokea! Zahanati walishatuandikia barua twende hospitari kubwa huko Mwanza, mzigo nilikuwa nimeshafunga. Niriposikia mtumishi anasema hatashindwa kura tena, nikaufungua."

Unabii wa uchaguzi ulikuwa umemfikia kwa maana yake yeye: mtoto atakula.

"Ameanza kula?"

"Bado, ira naamini."

Nikamsihi apande kivuko. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unataka nimkane Mungu? Mtumishi mwenyewe akisema, nitaenda."

Hapo nikafanya jambo linaloninuka mpaka leo. Nikaingia kwenye akaunti ya kanisa, nikaandika kama Mchungaji: "Mama, Bwana amenionyesha hospitali. Mpeleke mtoto leo." Hata dakika haikupita. "Amina mtumishi," akajibu. Wakavuka. Nilimwona yule mtoto wodini, shingo imekonda, macho makubwa, anameza uji vijiko viwili anachoka. Daktari anasema tumbo linaanza kutulia lakini matibabu bado, asiondoke kwa sasa.

Sasa mama ameomba kutoa ushuhuda kwenye laivu ya Jumapili hii, kwamba mtumishi aliona kura, kisha akaona na hospitali. Akimaliza kushuhudia anamchukua mtoto wanarudi Nansio, kwa sababu, anavyoamini yeye, unabii umetimia na daktari hana neno tena. Mchungaji kafurahi kupita kiasi. Hakuuliza hata ujumbe wa hospitali uliandikwa na nani. Ameniambia tu niandae kipaza sauti cha pili.

Nilijaribu kumwambia mama ukweli palepale kando ya kitanda. Akanitazama kwa huruma, akasema shetani ananiwinda kwa kuwa nafanya kazi ya Mungu. Akanishika kichwa, akaniombea. Nilitoka nje ya wodi nikalia kwa aibu, maana orodha iliyomdanganya niliiandika kwa mkono wangu, na neno lililomvusha ziwa nililitunga mimi pia. Mchungaji ananichukiza, na mimi najichukiza.

Nikisema hadharani, wale maelfu watatawanyika, na yule mama wa Misungwi na mumewe hawatakuwa na pa kuimbia. Nikinyamaza, mtoto anapandishwa kivuko akiwa hajapona. Jumapili saa nne asubuhi kamera naiwasha mimi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinionee haya, niambieni: nikishaiwasha, nibaki nyuma yake kama siku zote, au nizunguke nikasimame mbele?