Chanzo Hakijulikani

Kazini walimwita Shangazi, ingawa hakuna aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Jina lilitokana na kukemea. Kampuni ilijenga barabara, na yeye alikuwa mpimaji wa udongo: kabla lami haijamwagwa, aliweka mashine yake chini na kusoma kama ardhi imeshindiliwa vya kutosha. Ndani ya mashine hiyo, iliyohifadhiwa katika sanduku la manjano lenye kufuli mbili, mlikuwa na punje ndogo inayotoa mionzi. Asiyehusika hakuruhusiwa kulikaribia sanduku, na vibarua walipenda kulikalia.

"Inuka hapo! Hutaki kuzaa?"

"Shangazi, nina sita tayari. Niache nipumzike."

Punje ile iliitwa chanzo. Neno alilipata kwenye mafunzo ya mamlaka inayosimamia mionzi, na siku zile lilimshangaza. Tangu shuleni alijua chanzo cha mto, chanzo cha ugomvi, chanzo cha vita. Kumbe chanzo kinaweza kutiwa sandukuni, kikapigwa kufuli, kikabebwa nyuma ya gari! Baadaye mshangao ulikufa. Chanzo kikawa chanzo tu, kama nyundo ilivyo nyundo.

Asubuhi moja gari lilifika kambini na makoleo, ndoo na turubai, bila sanduku. Mlango wa nyuma ulikuwa unaning'inia upande mmoja. Dereva, ambaye kwa mwendo wake wenzake walimwita Polepole, alilizunguka gari mara kadhaa, kana kwamba sanduku lingemwonea huruma lijitokeze.

"Mnyororo wa kufungia sanduku uko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Si uliuchukua wewe jana?"

Je, aliuchukua? Alikumbuka ubaridi wake mkononi. Hakukumbuka kama alikuwa akiufunga au akiufungua, na kila alivyozidi kuwaza, jana ikazidi kuwa na ukungu. Walirudi barabarani, wakachungulia mitaro, wakauliza madukani. Wengine waliona gari, wengine waliona vumbi, hakuna aliyeona sanduku. Shangazi, akilini, aliona mikono tu, mikono ya mtu asiyemjua, ikivunja kufuli moja kisha ya pili, ikitoa ile punje na kuitia mfukoni.

Sheria ilikuwa wazi: piga simu kwa mamlaka mara moja. Meneja naye alikuwa wazi kwa namna yake.

"Piga, sikukatazi. Lakini usiseme kimepotea. Kimepotea ni neno kubwa. Sema hakijulikani."

"Hakijulikani kilipo?"

"Hakijulikani, basi. Usiongeze chumvi."

Shangazi akapiga, meneja akiwa amemsimamia kichwani. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Kuna tukio huku kwetu," Shangazi akasema. "La mashine ya kupimia udongo. Chanzo hakijulikani kwa sasa."

"Pole sana, mama. Kuna aliyeumia?"

"Hatujui. Bado tunatafuta chanzo."

"Hiyo ni kawaida, chanzo huchelewa kujulikana. Msiwe na haraka. Mkishakipata, mtuletee taarifa."

"Tusiwe na haraka?"

"Fanyeni kwa utulivu. Asante kwa kutujulisha."

Simu ikakatika. Meneja akatabasamu. "Umeona? Wenyewe hawana wasiwasi. Wewe ndiye uliyetaka kutuua kwa presha."

Shangazi alibaki ameishika simu. Kwenye mafunzo walikuwa wameonyeshwa picha za viganja vilivyoungua, na mkufunzi alisema dakika zina thamani. Leo ofisi ileile inasema taratibu. Walikuwa wametishwa bure? Au kichwa chake ndicho kilichokwenda mrama, kile kile kisichojua mnyororo uliko? Alijaribu kufarijika, na faraja ikamkaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine.

Mchana alipita nyumbani kubadilisha viatu vilivyolowa mtaroni. Mama mkwe wake alikuwa sebuleni akishona vifungo.

"Mbona uso umekushuka, mwanangu?"

"Chanzo hakijulikani, mama. Na mamlaka wanasema tusiwe na haraka."

"Chanzo cha nini?"

"Chanzo tu."

"Hakuna chanzo tu. Cha homa? Cha ugomvi? Umegombana na mume wako?"

Shangazi akaduwaa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Cha nini. Yule mwanamume hakuuliza cha nini, kwa sababu alidhani anajua. Kwake lilikuwa tukio lisilojulikana sababu.

Akapiga tena palepale, mbele ya sindano na vifungo. "Ni mimi wa asubuhi. Nilikuambia chanzo hakijulikani. Sikusema sababu. Nilisema kitu chenyewe! Chanzo cha mionzi. Kimeanguka garini, kimepotea. Kimepotea!"

Upande wa pili kiti kikasikika kikiburuzwa.

"Mama, mbona hukusema kimepotea?"

Jioni ilikuwa haijafika, gari la vipaza sauti likapita mitaa yote: sanduku la manjano, msilifungue, msilisogelee. Fundi viatu mmoja alitoka kibandani mbio, mikono juu kama aliyekamatwa. Sanduku aliliokota barabarani, akidhani ni betri kubwa. Kufuli moja ilikuwa chini, imevunjwa. Ya pili ilikuwa na mikwaruzo mipya, na msumeno ulikuwa njiani kutoka kwa jirani.

Watu wa mamlaka walipima sanduku, wakampima na fundi, wakapumua. Mashine ilikuwa nzima. Mwenye sauti ya upole alikuja mwenyewe; alikuwa kijana kuliko sauti yake. Meneja alisimama kando akijifuta shingo.

"Mama," kijana akasema, kalamu mkononi, "sasa tuambie. Chanzo ni nini?"

Shangazi akalitazama sanduku. Akautazama mlango wa gari uliolegea, akamtazama Polepole, akamtazama meneja, ambaye ghafla alivutiwa sana na viatu vilivyotundikwa kibandani. Mnyororo bado hakujua aliuweka wapi.

"Cha nini?" akauliza.

Kijana akaishusha kalamu.