Nishapoa

Kutoka Perry Barr, nilikopanga mimi hapa ughaibuni, hadi Northfield, alikotunzwa mama, ni mabasi mawili, na kila nilipoingia chumbani kwa mama, kabla sijavua koti, aliniambia, "Pole na njia, mwanangu." Nami nikamjibu, "Nishapoa." Hata siku ambazo hakujua kama ni mchana au usiku, hilo hakulisahau. Kwetu Mombasa mtu akikupa pole unamwambia umeshapoa, hata kama miguu inawaka moto. Ni adabu tu.

Mama alikuwa na maradhi ya kutetemeka. Yalianza mikononi, yakashuka miguuni, mwisho yakamshika koo. Alipozidi kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake kule Sparkhill, madaktari wakasema haifai tena aishi peke yake, ndipo tukampeleka nyumba ya wazee. Huko chai yake ilitiwa unga wa kuifanya nzito isimpalie. Yeye aliiita uji wa chai, na akainywa kwa kununa. Nyumba ya Sparkhill aliinunua pamoja na marehemu baba kwa kushona nguo za watu, na aliamini kabisa kwamba atarudi. Aliniachia funguo, akaniagiza nifungue madirisha kila Jumamosi ili isinuke uvundo.

Sasa nyumba ya wazee hailali mtu bure. Akiba yake ilikuwa inakwisha, na ikishakwisha, ingeuzwa ile ile nyumba yake ya Sparkhill ili kulipia. Nilikaa roho juu. Binamu yangu aliyeko Marekani akanitumia ujumbe mrefu wa sauti: kwao gharama kama hizo mtu huweza kuzihesabu kuwa za matibabu, akapunguziwa kodi. Mbio mbio nikaenda kwa mhasibu mmoja Mkenya, mwenye ofisi juu ya duka la mabuibui, Stratford Road. Nilibeba mfuko mzima wa risiti utadhani naenda sokoni.

"Sister, hiyo ni ya America," akasema, mfuko hata hajaugusa. "Huku taxman hajui hiyo story. Lakini mama ni mgonjwa kweli, ama ni uzee tu?"

"Mgonjwa," nikasema, nusura nimfokee.

"Basi wachana na tax. Waambie watu wa hospitali ya serikali waku-assess-ie mama, wampime hali yake. Wakiona shida yake kubwa ni ugonjwa, serikali inalipa yote. Wakiona ni kulishwa na kuoshwa tu, ni nyinyi mnalipa."

Nikashuka ngazi nikijiambia kazi imekwisha. Mama asiyeweza hata kumeza maji, nani atabisha kwamba ni mgonjwa? Hata kutia chumvi hakuhitajiki.

Siku ya tathmini nilifika mapema. Nikamkuta mama amevalishwa leso mpya na kupakwa wanja. Aliwasumbua wahudumu tangu asubuhi mpaka wakampamba.

"Mama, leo wakikuuliza, waambie unavyoumwa. Usifiche kitu."

"Nimtajie mtu baki maumivu yangu? Hebu niondokee."

Muuguzi aliyekuja kumpima alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mpole, hana haraka. Akaweka simu juu ya meza ya kitanda. Mkalimani alikuwa humo ndani ya simu, Mkongo, sauti nzuri ya unyenyekevu.

"Mama, jambo sana. Madame anauliza, mwili iko inaendelea aje?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Nanyi hamjambo? Watoto wazima?"

"Unakulaka muzuri?"

"Nala, baba. Wanilisha vyema."

"Na usiku unalalaka?"

"Nalala fofofo."

Wiki ile ile walikuwa wamemwokota sakafuni usiku. Nikaingilia kati, nikamwambia muuguzi kwa Kiingereza kwamba mama anafanya heshima tu, ukweli uko kwa madaktari. Akasema taarifa zao amezisoma, ila angependa kumsikia na mwenyewe. Mama, kwa kufurahi kuwa na wageni, akacheka, na kicheko kikampalia. Akakohoa mpaka macho yakamtoka, uso ukabadilika rangi, mhudumu akaja mbio kumwinamisha. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, naye aone.

Alipotulia, yule Mkongo, aliyeyasikia yote kwenye simu, akashindwa kujizuia. "Pole sana, mama. Pole."

Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya leso. "Nishapoa, baba."

Na mkalimani, kwa kuwa kazi yake ni kufasiri kila kinachosemwa, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza safi kwamba mama amekwisha kupona. Muuguzi akaandika.

"Hapana!" Niliruka kitini. "Hajapona! Hilo ni jibu la pole tu!"

"Lakini ni vile amesema, dada," sauti ikajibu, imeingiwa na wasiwasi. "Kupoa si ni kupona?"

Nikaanza kumweleza muuguzi maana ya pole. Jaribu wewe kulieleza neno hilo kwa Kiingereza, nyumba ya mama yako inaning'inia hapo. Sauti ilinipanda, maneno yakanipotea. Muuguzi aliniitikia kwa kichwa taratibu, kama watu wanavyowaitikia, bila kuwaamini, mabinti wenye nyumba ya kuokoa.

"Mbona wawapigia wageni kelele?" mama akanikemea. "Waulize kama wanywa chai."

Jibu lilipokuja, lilisema anachohitaji mama ni matunzo, si matibabu. Nilikata rufaa, wakasema vile vile. Walidai waliangalia mambo mengi, na huenda ni kweli. Mimi mpaka leo nalisikia lile neno moja.

Siku bango la kuuza lilipopigiliwa mbele ya nyumba ya Sparkhill, nilifungua madirisha yote, ingawa haikuwa Jumamosi. Kisha nikapanda basi kwenda Northfield. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, uji wake wa chai mkononi.

"Pole na njia, mwanangu," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

Nilivua koti kwanza, nikalitundika.

"Nishapoa, mama. Hawajambo."