Mgeni Asimame

Mke wangu alipofariki, nilikaa miezi mingi bila kuhisi kitu. Nilisali, nilisoma Neno, nilikwenda ibadani, yote kama mtu anayejaza fomu. Binti yangu alipiga simu kutoka Pickering, mji wa jirani hapa Kanada, akauliza kwa Kiingereza kama nimekula. Nilikuwa nimekula. Aliyenilisha ni jirani.

Alikuwa Mwislamu wa Kishia, Mhindi wa Tanga, mgane kama mimi. Pale Malvern, mtaa wetu wa Toronto, tuliishi ghorofa moja na milango yetu ilitazamana. Kila jioni aligonga na bakuli la dengu au wali.

"Kula, mzee. Ukifa wewe, nitaongea Kiswahili na nani? Lifti?"

Kanisani tulikuwa na jumuiya, familia chache zinazosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Zamu yangu ilipofika nilimkaribisha jirani. Nilitaka ale kwangu, basi. Nilipika samaki ili asiwe na wasiwasi wa nyama.

Lakini kwetu, watu wakiwa bado wanakula, kabla ya sala ya kufunga, mgeni husimama ajitambulishe, kisha tunamwimbia kwa makofi. Nimeyaona hayo tangu utotoni, kwa hiyo haikunijia kabisa kumwonya.

Katibu wetu, mama mchangamfu, akasema, "Bwana asifiwe! Mgeni wetu asimame. Atuambie anasali wapi, na kama ameokoka."

Akasimama, sahani mkononi. "Mimi jirani. Nimekuja kwa samaki."

Watu walicheka. Katibu hakucheka. "Baba, hukuja kwa samaki. Umeletwa. Jamani, tumwombee."

Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani. Alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mzee wa kanisa pale; neno langu moja lingetosha. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Niliendelea kulishika.

Maombi yalipoisha akasema ahsanteni, akaweka sahani mezani, akaondoka. Nusu ya samaki ilibaki.

Siku tatu hakugonga. Nilikula mkate. Nilijua huenda nimempoteza, na hata hilo halikuniuma. Siku ya nne niliona kwamba nikingoja mpaka niumie, sitakwenda kamwe. Nikavuka korido.

Mlango ulifunguka kidogo. "Umekuja na kwaya?"

"Peke yangu. Nilipaswa kuwazuia, nikanyamaza. Nisamehe."

"Ulisimama na birika kama mhudumu wa hoteli."

"Ndiyo."

Akaufungua mlango wote. "Vua viatu."

Alinipakulia wali. Wakati wake wa sala ulipofika akaniambia niendelee kula, akaingia chumbani. Nilisikia sauti yake ya chini nyuma ya mlango. Hakuna aliyeniuliza ninasali wapi. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa kipaimara namna ya kumpokea mgeni, lakini mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, mwenye nyimbo na mwenye maswali. Nilimshukuru Mungu kwa maneno tu, maana moyo ulikuwa haujarudi.

Aliporudi akaketi mbele yangu. "Vipi, chakula?"

"Chumvi haitoshi," nikasema.

Akaonja kwenye sahani yangu, akatikisa kichwa.

"Haya. Kesho utapika wewe, mimi nitakaa nikulaumu."